Shangazi, buibui mkubwa kama kiganja yuko chumbani kwa mwanangu na amebeba kitu cheupe tumboni

Shikamoo shangazi. Nisamehe naandika ndefu, kichwa hakijatulia na usiku wa kuamkia leo nimelala masaa mawili tu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, ana miezi saba. Tunaishi Moshi, huku Rau, tumehamia kwenye hii nyumba mwezi wa pili. Nyumba nzuri kwakweli, ina uwanja, nyuma kuna migomba, kodi nafuu, ila ni ya zamani, silingibodi ina mianya na chini ya mlango wa jikoni unapitisha vidole vinne. Baba watoto ni dereva wa watalii, akienda porini anakaa wiki nzima, nabaki mimi na mtoto na dada wa kazi.

Sasa mvua za masika zimeanza tu, mama mkwe akatuletea mkungu wa ndizi kutoka Kibosho, tukauweka stoo iliyopakana na chumba cha kulala. Siku mbili baadae, saa nne usiku, nawasha taa nimbadilishe mtoto pampasi, naangalia ukutani juu ya kitanda chake naona kitu. Shangazi, sijawahi kuona buibui wa vile tangu nizaliwe. Mkubwa kama kiganja changu, mwili wenyewe ni kama kidole gumba, ila miguu imetandaa huku na huku kama kaa wa baharini, bapa, rangi ya kahawia, na usoni ana mstari wa krimu kama masharubu. Katulia tu. Nikapiga kelele, dada akaja na ufagio, kabla hajafika yule kiumbe akatoka mbio kwa ubavu, yaani kwa ubavu, akaingia nyuma ya kabati. Siku hiyo tulilala sebuleni wote watatu.

Baada ya siku kama nne tukamwona tena koridoni, safari hii amebeba kitu cheupe chini ya tumbo, duara bapa kama sarafu ya mia mbili. Dada akasema ndo mfuko wake wa sumu huo. Jirani yetu, mama mtu mzima tunamheshimu sana, akaja kuangalia akasema buibui wa kawaida hawi vile, huyo katumwa, nifikirie nimegombana na nani tangu nihamie. Mama mkwe kwa simu anasema buibui asiuawe, nimwache. Baba watoto anasema chukua kandambili mpige, basi. Sasa nimsikilize nani?

Alafu juzi bafuni, pembeni ya beseni, tukakuta kingine, hiki ni cheusi cheusi, bapa, kina mikono ya mbele kama ya nge ina miiba, na kina sharubu mbili ndefu ndefu kama waya zinapapasa ukuta. Dada alipoona hicho akafungasha begi. Nimembembeleza abaki mpaka mwisho wa mwezi.

Kilichonimaliza ni hiki. Jumapili mtoto kaamka ana mchirizi mwekundu shingoni upande wa kushoto, jioni ukawa na malengelenge madogo madogo kama kaungua na mafuta. Jirani akasema huo ni mkojo wa buibui, kampitia usiku. Nikachanganyikiwa, nikachukua kopo la dawa ya mbu nikapuliza chumba chote, nyuma ya kabati, chini ya kitanda, mpaka likaisha. Usiku mtoto akakohoa sana nikamtoa. Na leo rafiki wa mume wangu kanitumia picha wasap, buibui wa ndizi, anasema ndo huyo huyo, anaua mtu ndani ya masaa. Kwenye picha kweli ni mkubwa, kahawia, na amekaa kwenye ndizi.

Shangazi naomba uniambie huyu ni buibui gani, anaua? Na nifanye nini, maana nimeshampigia mtu wa kupuliza dawa anasema atakuja Ijumaa na ile kali ya shambani. Nihame?

Mama wa Rau, Moshi

---

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla sijamgusa huyo buibui naanza na shingo ya mtoto, maana hapo ndo penye haraka.

Ule mchirizi kwa namna ulivyouelezea sio buibui. Buibui hawakojolei watu. Najua hilo neno tumekua nalo, mkojo wa buibui, hata mimi bibi yangu alikuwa anasema hivyo na alikuwa anaamini, na sio kwamba aliona uongo, malengelenge yalikuwepo kweli, ila mwenye kosa ni mwingine. Ni kile kidudu kidogo chembamba, wengi wanakiita nairobi flai, urefu wake haufiki hata sentimita moja au inafika kwa shida, kina pete pete nyekundu na nyeusi, ukikiona haraka unadhani siafu. Ni mbawakawa wa jenasi Paederus, sio mende wa jikoni. Kinatokea sana kipindi cha mvua kama hiki na kinapenda taa, kwaiyo ukiwasha taa usiku dirisha likiwa wazi kinaingia, kinatua shukani. Hakiumi wala hakichomi. Ndani ya mwili wake kuna kemikali inaitwa pederini, ukikibonyeza au ukikisugua kwenye ngozi, hata kwa usingizi tu mtoto akigeuza shingo, inatoka na kuunguza. Kinachowachanganya watu ni kwamba haiungui palepale, inachukua nusu siku mpaka siku moja na nusu hivi, kwaiyo mtu anaamka ana jeraha, anaangalia ukutani, anamwona nani? Buibui. Basi kesi inamwangukia yeye.

Dalili yake kubwa ni huo mchirizi, kama mtu kachapwa na fimbo, na mara nyingi sehemu za kukunja ngozi unakuta alama mbili zinazotazamana, kwasababu ngozi mbaya imegusana na nzima. Mtoto wa miezi saba shingo yake ni mikunjo mitupu, hebu kaangalie.

Lakini mwanangu mimi nimekaa huku Arusha nasoma barua, sijamwona mtoto. Malengelenge kwa mtoto mchanga yanaweza kuwa vitu vingine pia, kuna maambukizi ya ngozi ya watoto yanayotaka dawa ya hospitali, na hata mkanda wa jeshi watu wanauita mkojo wa buibui, na ule unatokana na kirusi cha tetekuwanga. Kwaiyo mpeleke kliniki kesho asubuhi, usisubiri Ijumaa. Akipata homa, akikataa kunyonya, au ikisogea jicho, nenda usiku huo huo. Kwa sasa osha kwa maji na sabuni ya kawaida, taratibu, usitumbue, usipake dawa ya meno wala majivu, na fua shuka na nguo zote alizolalia ili isibaki ya kumgusa tena. Na mkikiona hicho kidudu juu ya ngozi msikibonde kwa kiganja, kipulize kwa mdomo kiondoke au kichukue na karatasi.

La pili ni ile dawa. Nakuelewa ulivyokuwa usiku ule, uko peke yako, mtoto ana jeraha, mikono inatafuta kitu cha kufanya. Ila kopo zima kwenye chumba anacholala mtoto wa miezi saba, hapana mwanangu. Kile kikohozi mwambie daktari, mwambie na jina la dawa, ikiwezekana nenda na kopo lenyewe. Fungua madirisha chumba kipigwe upepo mchana kutwa, deki sakafu, futa kitanda chake na midoli anayotia mdomoni. Mtoto anatambaa, kila kitu kilichotua chini kinaishia mdomoni mwake.

Na yule bwana wa Ijumaa mpigie umwambie asije. Dawa ya shambani ni ya shambani, imepimwa kwa nyanya na kahawa, sio kwa chumba chenye kitanda cha mtoto. Hapa kwetu dawa zote za wadudu zinasajiliwa na mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoko Ngaramtoni, ile zamani tulikuwa tunaijua kama TPRI sasa hivi ni TPHPA, na lebo inasema itumike wapi. Mtu anayekuja na chupa isiyo na lebo, au ya lebo ya mazao, hata awe na bei nzuri vipi usimfungulie mlango.

Haya, sasa tuje kwa mgeni wako wa ukutani.

Nimefundisha bailojia sekondari huku Arusha miaka mingi, na kila mwaka wanafunzi waliniletea buibui kwenye chupa, na swali lilikuwa hilo hilo moja, mwalimu huyu anaua? Nilikuwa nawaambia msianze na ukubwa. Anzeni na amekaaje, anaishi wapi, ana utando au hana, na miguu imeelekea wapi. Wewe bila kujua umenijibu karibu yote. Bapa, miguu kama kaa, anakimbia kwa ubavu, hakuna utando, yuko ukutani usiku, ana masharubu ya krimu chini ya macho, na amebeba kiduara cheupe tumboni. Huyo namjua. Jina lake la kitaalamu ni Heteropoda venatoria, hilo neno la pili linatoka kwenye Kilatini cha uwindaji, kwasababu hatandi mtego, anatoka usiku anawinda kwa miguu. Na anachokiwinda zaidi ndani ya nyumba ni mende. Hiyo ndo kazi iliyomleta, nyumba ya zamani, stoo yenye ndizi zinazoiva, jikoni kuna mwanya wa vidole vinne, mende wapo hata kama hujawaona.

Ukimpima miguu yote akitandaa anafika sentimita saba mpaka kumi na mbili, kwaiyo kusema kama kiganja hujaongeza chumvi. Anaua mtu? Hapana. Ana sumu, karibu buibui wote wana sumu, ndo wanavyokamata chakula, ila yake kwa binadamu ni maumivu na uvimbe pale alipouma, kwa kawaida yanapita siku moja mbili. Na hakufuati kitandani akung'ate. Anauma akishikwa au akibanwa, hasa jike lenye mayai.

Na huyo wako ni jike lenye mayai. Kile cheupe sio mfuko wa sumu, mwambie dada. Sumu ya buibui inakaa mbele, kwenye meno na kichwani. Kile ni kifuko cha hariri, ndani kuna mayai mengi sana, mamia, na mama anakibeba kila anakoenda mpaka yaanguliwe. Angalia, hata koridoni ulimwona amekibeba, hakukiacha.

Ile picha ya wasap sasa. Hapa ndo watu wanapotishwa bure. Kuna buibui wa Amerika ya Kusini na ya Kati, jenasi yake Phoneutria, yupo Brazil kwa wingi, huyo kweli sumu yake ni kali, na kule wanamwita buibui wa ndizi. Sasa na huyu wako naye wazungu wanamwita hivyohivyo, kwasababu kwa miaka mingi alisafiri melini kwenye mikungu ya ndizi akaenea nchi zote za joto, asili yake inadhaniwa ni Asia. Jina moja, wanyama wawili, mabara mawili. Huyo wa Brazil hayupo Afrika. Na wako akitishwa anakimbia, yule mwingine anasimama ananyanyua miguu ya mbele juu kama mtu anayesalimu amri. Mtu akikutumia picha ya mdudu, muulize kwanza imepigwa nchi gani. Nimeshaletewa mpaka buibui wa Sydney, Australia, mtu ananiambia kamuona Kijenge hapa Arusha.

Inawezekana sana alikuja na ule mkungu wa Kibosho, maana mchana anapenda kujibana mahali bapa, ganda la mgomba, katikati ya ndizi, nyuma ya picha. Usimlaumu mama mkwe. Siku nyingine mkungu ukija ung'uteni nje, uacheni barazani usiku mmoja ndo uingie.

Kile cha bafuni, na najua kinatisha kuliko hata buibui, sio buibui kabisa. Ni ndugu wa mbali wa buibui na nge. Hapa kwetu Tanzania wapo wa jenasi Damon, wanakaa mapangoni, chini ya magogo, na kwenye mabafu yenye unyevu. Zile sharubu ni miguu yake ya kwanza, haitembelei, inapapasia njia kama kipofu na fimbo. Ile mikono yenye miiba ni ya kushikia wadudu. Hana sumu, hana mkia wa kuchoma, hana utando. Hana kabisa. Msukume kwenye dastapani umtoe nje, yeye anataka giza tu na maji maji.

Ila nisikudanganye kwamba kila kitu hakina neno. Kuna wa kuangalia na nataka uwajue, maana ukijua hao wawili hao wengine watakuacha ulale.

Wa kwanza ni mdogo, ndo maana hakuna anayemwogopa. Mwili kama sentimita moja, kahawia, miguu ina pete pete, tumbo mviringo kama punje ya choroko kubwa, na ukimgeuza chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa kama glasi mbili zilizogusana vitako. Anaitwa Latrodectus geometricus. Haji ukutani juu ya kitanda, anakaa chini ya viti vya plastiki, ndani ya ndoo iliyosahaulika uani, nyuma ya boksi la mita ya luku, kwenye viatu vilivyokaa nje muda mrefu, anatanda utando ovyo ovyo usio na mpango, na mayai yake huwezi kukosea, ni viduara vya krimu vyenye miiba miiba kama tunda la mbarika. Ukiviona vile pindua kiti upige fagio na maji. Huyo akimuuma mtoto mdogo ni hospitali moja kwa moja, maumivu yake yanasambaa mwilini.

Wa pili ni mkubwa kweli, mnene, manyoya mwili mzima, miguu minene kama vidole, anaishi kwenye shimo ardhini lililozungushiwa hariri. Kuna mmoja, Pterinochilus chordatus, wafugaji wa ng'ambo wanamuuza kwa jina la Kilimanjaro, watu wanalipia hela, na sisi tunaishi nae bure. Madume yao yanatoka kutafuta majike, na kipindi cha mvua unaweza kulikuta barazani. Tofauti yake na wako utaiona ukiwa mbali, huyu hapandi ukuta kwa mbio za ubavu, hajalala bapa, amesimama kama ngumi, na ukimsogelea ananyanyuka juu anaonyesha meno. Haui, ila anauma vibaya sana, unaweza kupata uvimbe na misuli kukaza siku kadhaa. Usimshike, funika na ndoo, mwite mtu mzima anayejiweza amtoe na koleo.

Na ukienda huko kukavu, KIA, Boma Ng'ombe, Simanjiro, usiku utaona kitu cha manjano kinakimbia kama upepo kuifuata taa, utahesabu miguu kumi. Huyo naye sio buibui na hana sumu, ana taya tu kubwa.

Ukiona viduara vyeupe vimebandikwa ukutani kama plasta usivihofie, mara nyingi ni vya buibui mwingine bapa mdogo wa rangi ya kijivu anayekaa nyuma ya fremu za picha. Unavibandua kwa kisu tu.

Sasa umfanyeje huyu mama mwenye mayai. Mama mkwe anasema mwache, baba watoto anasema kandambili. Mimi kama ni nyumba yangu bila mtoto mchanga ningemwacha, nina mmoja stoo kwangu na mende nimewasahau. Ila wewe huwezi kulala nae na sitaki ujilazimishe, usingizi wako ndo maziwa ya mtoto. Kwaiyo mtoe, na mtoe sasa kabla mayai hayajaanguliwa, maana yakianguliwa vitoto vinasambaa na hapo utaniandikia barua nyingine. Kandambili siipendi, ukimkosa anaingia kabatini, ukimpata unapasua kifuko ukutani.

Fanya hivi. Usiku kwenye saa mbili tatu, mtoto akiwa chumba kingine, zima taa subiri kidogo, ingieni na tochi ya simu. Atakuwa ukutani. Chukua kontena pana la plastiki linalopitisha mwanga, yale ya lita mbili tatu za kuhifadhia chakula yanatosha, lipeleke taratibu bila kumrukia, umfunike lote na miguu yake kwa pamoja. Alafu kipande cha boksi gumu la karatasi, lipitishe polepole kati ya ukuta na kontena mpaka limefunika mdomo wote. Sukuma yeye mwenyewe atapanda. Mpelekeni mwisho wa migomba, mbali na nyumba, muinamishe, atashuka. Kama unaogopa kushika kontena, ushike boksi, kontena ashike dada, na kabla hamjamwachia mwonyeshe dada kile kifuko kwa karibu kupitia plastiki. Mwambie ni mayai. Nimeona wasichana wa kidato cha pili waliokuwa wanalia wakiwa juu ya madawati, wakishaona kwa macho yao wanashuka wenyewe wanauliza yako mangapi.

Neti ya mtoto ichomeke chini ya godoro pande zote, ukiichomeka vizuri hakuna buibui, hakuna nairobi flai, hakuna mbu, hiyo ndo dawa ya kwanza ya nyumba nzima. Kabla hujamlaza ikung'ute na upitishe mkono juu ya shuka. Kitanda kisogeze kiache nafasi na ukuta. Taa ya nje iliyo karibu na dirisha la chumba izimeni mapema kipindi hiki cha mvua. Chini ya mlango wa jikoni fundi akupigilie kipande cha mpira, hata tairi la ndani la baiskeli linatosha, na mwenye nyumba mwambie kuhusu ile mianya ya silingibodi, ni haki yako. Mabaki ya chakula yasilale wazi. Mende wakipungua na wawindaji wao watapungua bila kopo hata moja.

Kuhusu jirani, usigombane nae, alikuja kukusaidia. Ila usianze kuhesabu umegombana na nani. Huyo buibui Carl Linnaeus wa Sweden alishamwandika mwaka 1767, wala Rau hamjui mtu. Mkaribishe jirani siku mkimtoa, aone na yeye.

Na kuhama, hapana, usihame, kodi nafuu yenye uwanja na migomba Moshi huipati kila siku. Kliniki kesho asubuhi kwanza. Ukirudi niandikie daktari kasema nini kuhusu shingo na kile kikohozi, hata mistari miwili tu, nitakuwa naisubiri.

Shangazi, Arusha